Umande Hauanguki: Kukinga Vioo vya Darubini kwa Joto la Kiasi

Baadhi yenu mmekuwa mkituuliza ni kwa nini walimu wa Kiswahili huonekana usiku kwenye uwanja wa nyasi ulio nyuma ya jengo la idara wakiwa na darubini, betri ya pikipiki na nyaya zilizofungwa kwa utepe mweusi. Swali hilo ni la haki. Makala haya ni jibu lake, na kwa kiasi fulani ni ungamo pia, kwa kuwa mambo yenyewe yalianza kwa kosa letu sisi wenyewe.

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulipatwa kikamilifu. Kupatwa huko ndiko kurefu kuliko kote katika karne hii ya 21: mwezi mzima ulikaa ndani ya kivuli kizito cha Dunia kwa muda wa saa 1 na dakika 43, yaani kuanzia saa 4:30 usiku hadi saa 6:13 kwa saa za Afrika Mashariki. Aidha, usiku huohuo sayari ya Mirihi ilikuwa imekaa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati, hivyo iling'aa kwa wekundu wake jirani na mwezi. Tuliona kwamba hiyo ni nafasi nzuri ya kuwatoa wanafunzi darasani. Kila mmoja angechungulia kwenye darubini, kisha angeeleza kwa Kiswahili kile alichokiona, bila kuchanganya na Kiingereza wala Kiganda. Darubini tuliiazima kwa mwalimu wa fizikia wa shule moja ya sekondari. Ilikuwa ya kipenyo cha sentimita 20, ya aina ile fupi na nene yenye kioo chembamba mdomoni, na shule hiyo haikuwa na nyingine.

Tulianza vizuri. Mnamo saa 3:30 hivi, kivuli kilipokuwa kimeanza kuumega mwezi, wanafunzi walikuwa wamepanga foleni na maelezo yalikuwa yakitiririka. Baada ya muda si mrefu mmoja wao aliinua kichwa akasema, "Mwalimu, mwezi umeingia ukungu." Tulimwambia asubiri wingu lipite. Tulipotazama juu hatukuona wingu lolote. Tulimulika darubini kwa tochi, tukakuta kioo cha mbele ni cheupe, kama kwamba mtu amekipumulia. Mmoja wetu alitoa leso yake mfukoni akakifuta. Kiliangaza kwa dakika chache, kikarudia hali yake. Akafuta tena. Ilipofika saa 4:30, wakati ambao ndio tuliokuwa tukiungojea, ndani ya darubini hakukuwa na kitu ila doa jekundu lisilo na umbo. Wanafunzi karibu arobaini walitazama kupatwa kwa mwezi kwa macho yao matupu. Kulipendeza, hatukatai, lakini sivyo tulivyokuwa tumewaahidi.

Kosa kubwa lilifuata baadaye. Tuliifunika darubini kifuniko chake ikiwa bado na maji, tukaitia ndani ya sanduku lake, tukaifungia kabatini. Mitihani ikaja, likizo ikaja, na ikapita zaidi ya miezi miwili kabla hatujairudisha. Mwalimu wa fizikia alipofungua kifuniko mbele yetu, tuliona nyuzi nyeupe zimetambaa upande wa ndani wa kioo kama utando wa buibui. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema neno lilelile la mwanafunzi wetu: "Ni ukungu."

Ukungu na ukungu

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwisha kuliona jambo hilo. Kiswahili kina neno moja kwa ile hewa nyeupe yenye matone ya maji ambayo huziba njia asubuhi, na kwa ule uoto unaoota juu ya mkate uliochacha, ambao pia tunauita kuvu. Sisi ukungu wa kwanza ulitunyima mwezi, na ukungu wa pili ukaharibu mali ya watu. Wote wawili chanzo chao ni kimoja, nacho ni umande. Kwa hiyo tutumie neno hilo, maana ndilo sahihi. Ukungu wa asubuhi ni matone yanayoelea hewani, ilhali umande ni maji yanayojikusanya juu ya kitu: jani, bati, kioo.

Hata hivyo neno umande nalo lina mtego wake, ambao haumo katika neno lenyewe bali katika kitenzi tunachokiambatanisha nalo. Tunasema umande umeanguka, au umande umeshuka. Wanafunzi wetu ambao kwao umande ni omusulo, na wale wa magharibi wanaouita orume, nao walitueleza kwamba tangu utotoni wameufahamu kuwa ni kitu kitokacho juu. Sisi tuliamini hivyo pia, ndiyo maana usiku ule fikira yetu ya kwanza baada ya leso ilikuwa ni kuishikia darubini mwavuli. Dhana hiyo si ya Waafrika peke yao. Huko Ulaya wataalamu walibishana kwa karne nyingi kama umande hushuka kutoka angani au hupanda kutoka ardhini.

Aliyeutuliza ubishi huo ni daktari mmoja, William Charles Wells, mzaliwa wa Charleston huko Marekani ambaye alikuwa akifanya kazi London. Alikuwa akiweka mafungu madogo ya sufu nje usiku, kisha anayapima kwa mizani ili ajue yamekusanya maji kiasi gani. Fungu lililowekwa juu ya ubao lilipata maji mengi kuliko lile lililofungwa chini ya ubao huohuo. Aidha, alitumia vipimajoto akagundua kwamba nyasi na vitu vingine vilivyo wazi chini ya anga huwa baridi kuliko hewa inayovizunguka, na kwamba ubaridi huo hutangulia umande. Alichapisha insha yake mwaka 1814, na Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Uingereza kikamtunukia Nishani ya Rumford.

Maelezo yake, kwa lugha ya leo, ni haya. Kila kitu chenye joto hulitoa joto hilo kwa mnururisho, hata gizani. Mchana Jua hulipa zaidi ya kinachotoka. Usiku, kitu kilicho wazi kinaendelea kutoa joto kuelekea angani, na anga isiyo na mawingu hurudisha sehemu tu. Kwa hiyo kitu hicho hupoa hadi kuwa baridi kuliko hewa yenyewe, mara nyingi kwa nyuzi mbili hadi tano za Selsiasi. Hewa nayo ina mvuke wa maji ndani yake, na kuna nyuzijoto fulani ambapo haiwezi tena kuubeba mvuke wote huo. Hiyo tunaiita nyuzijoto ya umande. Kioo kikipoa hadi kufikia hapo, hewa inayokigusa humwaga maji yake juu yake, kama inavyofanya juu ya chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu. Hakuna kilichoanguka.

Asiyeamini na atazame magari alfajiri. Gari lililolala uwanjani paa lake huwa limeloa chepechepe, na lile lililolala chini ya mwembe ni kavu, ingawa yamekaa hatua kumi tu kutoka jingine. Mwembe haukulikinga gari na kitu chochote kinachoanguka. Uliizuia anga isilinyonye joto. Mawingu hufanya kazi hiyohiyo, ndiyo maana usiku wa mawingu huwa hauna umande mwingi, na usiku mweupe wa nyota tele, ule ambao mwenye darubini anautamani, ndio humletea maji.

Kutabiri kabla ya kuloa

Habari njema ni kwamba nyuzijoto ya umande inaweza kukadiriwa kwa hesabu ya kichwani. Inahitajika kipimajoto na kipimo cha unyevuanga, na siku hizi vyote viwili huuzwa pamoja katika kifaa kimoja kidogo. Toa asilimia ya unyevuanga kutoka katika 100, gawanya kwa 5, kisha jibu lipunguze kutoka katika nyuzijoto ya hewa. Mathalani, hewa ikiwa na nyuzi 18 na unyevuanga asilimia 85, tunapata 15 gawanya kwa 5, yaani 3. Basi umande utaanza pale kioo kitakapofika nyuzi 15. Hesabu hii ni ya makadirio na hufaa pale unyevuanga unapozidi asilimia 50. Kwetu sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria, sharti hilo si tatizo wakati wa usiku.

Tazama basi jinsi pengo lilivyo dogo. Nyuzi tatu tu ndizo zinazotenganisha kioo kikavu na kioo kilicholoa, na kioo kilicho wazi kinaweza kuzipoteza nyuzi hizo chini ya saa moja. Katika darubini ya aina ile tuliyoazima, kioo cha mbele ndicho cha kwanza kupatwa, kwa kuwa ni chembamba, kiko mdomoni kabisa na kinatazamana na anga. Darubini za bomba refu ambazo kioo chake kikuu kiko chini kabisa husumbuliwa kidogo, kwani bomba lenyewe linakikinga. Humo kinacholoa ni kile kioo kidogo cha juu kinachogeuza mwanga. Lenzi ya jicho nayo ina adui wake wa pekee, yaani pumzi na jasho la watazamaji. Foleni ya wanafunzi arobaini ina pumzi nyingi.

Kutokana na maelezo hayo, kinga ya kwanza inajieleza: ni kukipa kioo mwembe wake. Tulinunua godoro jembamba la sponji, la aina wanayolalia watu wa kambi, tukalikata na kulizungusha mdomoni mwa darubini ili lifanye koo refu. Urefu wake uwe kama mara moja na nusu ya kipenyo cha kioo, kwa hiyo kwa darubini ya sentimita 20 ni sentimita 30. Kioo kikiwa chini ya koo hilo huona kipande kidogo tu cha anga na hupoa polepole. Usiku wa kiangazi wenye upepo kidogo, koo hilo pekee linatosha. Usiku wa baada ya mvua halitoshi, linachelewesha tu. Hapo ndipo joto linapohitajika.

Joto dogo, lakini la kudumu

Watu wengi hudhani kwamba kukinga kioo kunahitaji moto wa kutosha kukausha nguo. Hesabu inaonyesha vingine. Mita moja ya mraba ya kitu kinachotazamana na anga wazi usiku hupoteza, baada ya kufidia kile ambacho anga hurudisha, kama wati 50 hadi 100. Kioo cha kipenyo cha sentimita 20 kina eneo la mita za mraba 0.03 na ushei, hivyo hasara yake ni kati ya wati 1.5 na 3 hivi. Hicho ndicho tunachopaswa kukirudisha, pamoja na ziada kidogo kwa ajili ya joto linalopotelea kwenye bomba na upepo. Ni umeme mdogo sana, mdogo hata kuliko wa balbu ndogo ya nyumbani.

Lakini wati hizo lazima ziwepo kabla maji hayajaja. Kuzuia na kukausha ni kazi mbili tofauti. Gramu moja ya maji huhitaji karibu jouli 2,450 ili igeuke kuwa mvuke. Mkanda wa wati 5, hata kama joto lake lote lingeyafikia maji hayo, ungechukua dakika nane, na kwa kweli joto lingine hupotea njiani na kioo hakipitishi joto kwa urahisi. Huchukua muda mrefu kusafiri kutoka ukingoni hadi katikati. Kwa hiyo washa mkanda mara tu unapoitega darubini, kioo kikiwa bado kikavu. Sisi tuliwahi kusubiri "tuone kwanza kama utakuja", na ulipokuja tulikaa zaidi ya nusu saa tukitazama duara la maji likijikunja polepole kuelekea katikati ya kioo.

Mikanda ya joto huuzwa tayari katika nchi za nje, lakini bei yake pamoja na usafiri ilitushinda. Tuliutengeneza wetu kwa rezista, vile vipande vidogo vya umeme vyenye mistari ya rangi ambavyo mafundi wa redio wanavyo kwenye makopo. Tulitumia rezista 20 za ohmu 470, kila moja ya nusu wati. Tulilaza nyaya mbili za shaba sambamba na kuziunganisha rezista katikati yake kama vipandio vya ngazi, nafasi ya kila moja ikiwa sentimita 3.5 hivi, ili ngazi nzima izunguke bomba mara moja. Betri ya volti 12 ikiunganishwa, kila rezista hutoa wati 0.3 na kidogo, na zote kwa pamoja wati 6. Mkondo wake ni kama nusu ampea. Fundi wetu alipendekeza rezista za ohmu 330 ili tupate joto zaidi. Tulikataa, kwa sababu betri iliyojaa inaweza kufika karibu volti 14, na hapo rezista ya ohmu 330 hupitisha zaidi ya nusu wati iliyoandikiwa, nayo huungua. Atakayependa ohmu 330 anunue rezista za wati nzima.

Ngazi hiyo tuliifunga kwa kitambaa na utepe, tukaizungusha kwenye bomba nyuma tu ya fremu ya kioo cha mbele, kisha tukaifunika kwa kipande cha sponji ili joto liende ndani na lisipotee nje. Koo la godoro likavalishwa juu ya vyote. Tulitia fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa betri. Jambo hilo msilipuuze, maana betri ya pikipiki ikipigwa shoti inaweza kuyeyusha waya na kuwasha nyasi.

Kwa nini joto lidhibitiwe

Usiku wa majaribio tulijisifu sana. Saa mbili zilipita na kioo kikabaki kikavu kabisa. Tulipoielekeza darubini kwenye Mushtari ili tuwaonyeshe wenzetu mistari yake, tulikuta sayari inachezacheza kama jiwe lililo chini ya maji ya mto. Tulirekebisha lenzi, tukapunguza ukuzaji, tukalaumu hewa. Ilichukua muda kabla mmoja wetu hajagusa bomba na kuliona lina uvuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Hewa ya ndani iliyopashwa joto na mkanda ilikuwa ikipanda na kushuka mbele ya mwanga, na mwanga unapopita kwenye hewa ya joto na ya baridi iliyochanganyika hupindapinda. Kila mtu amewahi kuona hivyo juu ya lami saa saba mchana. Tulichomoa waya, na baada ya robo saa mistari ya Mushtari ikaonekana. Baada ya nusu saa nyingine umande ukaanza.

Basi lengo si kukipasha kioo joto. Lengo ni kukiweka juu ya nyuzijoto ya umande kwa nyuzi moja au mbili tu na kukiacha hapo. Mpishi wa sigiri analielewa hili bila kufundishwa: maharage yakishachemka, makaa hufunikwa majivu. Kwa umeme, majivu yake ni kidhibiti kinachowasha na kuzima mkondo kwa haraka, mara moja au zaidi kwa kila sekunde. Ukikiamuru kiwashe kwa sehemu nne kati ya kumi za muda, mkanda wa wati 6 hutoa wastani wa wati 2.4. Kioo na bomba ni vizito, hubadilika polepole, hivyo havihisi huko kuwashwa na kuzimwa. Huhisi wastani tu. Njia hii ni bora kuliko kupunguza umeme kwa rezista kubwa ya kubadilisha, ambayo ingechoma sehemu ya umeme wa betri ndani yake yenyewe bila faida.

Kidhibiti chetu cha kwanza kilikuwa na kitufe cha kuzungusha, kama cha sauti ya redio, nacho kilihitaji mtu wa kukumbuka. Usiku unapoendelea hewa hupoa na unyevuanga hupanda, kwa hiyo kipimo cha saa mbili usiku hakitoshi saa sita. Baadaye wanafunzi wawili wa uhandisi, ambao huja kwetu kwa somo la Kiswahili cha mawasiliano, walitutengenezea cha pili. Kinasoma nyuzijoto na unyevuanga wa hewa, kinapiga ile hesabu ya nyuzijoto ya umande, kinasoma nyuzijoto ya fremu ya kioo kwa kipimajoto kilichobandikwa hapo, kisha kinaongeza au kupunguza muda wa kuwasha ili fremu ikae nyuzi mbili juu ya umande. Nyuzi mbili, si moja, kwa sababu katikati ya kioo huwa baridi kidogo kuliko ukingoni penye kipimajoto. Malipo waliyotaka ni kwamba tuwasahihishie ripoti yao, nasi tuliwasahihishia.

Kuhusu betri, ile ya ampea 7 kwa saa, ambayo ni ya kawaida kwenye pikipiki, isitumiwe zaidi ya nusu yake la sivyo itaharibika mapema. Nusu hiyo inauendesha mkanda wetu kwa nguvu zote kwa saa 7. Ukidhibitiwa kwa sehemu nne kati ya kumi, unapata zaidi ya saa 16, kiasi kwamba hata ukiongeza mkanda mdogo wa wati 1 kwa ajili ya lenzi ya jicho, usiku utaisha kabla ya betri.

Tumebakisha neno moja juu ya leso. Kioo cha darubini hupakwa utando mwembamba sana wa madini unaosaidia mwanga kupita, na vumbi la usiku ni punje za mawe. Kukifuta kioo kilicholoa ni kuusugua utando huo kwa mchanga. Ikitokea kwamba umande umekuwahi, geuza darubini ikitazama chini, uache mkanda ufanye kazi, au ipeleke ndani. Na ukiwa ndani usikifunike kioo. Kiache wazi, mdomo ukitazama chini, hadi kikauke chenyewe, kisha ndipo ukifunike na kutia sandukuni vile vifuko vya punje za kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Kuvu hupenda giza, unyevu na hewa iliyotulia, na sanduku la darubini iliyoloa lina vyote vitatu. Nyuzi zake zinaweza kuula utando na hata kioo chenyewe, na fundi atakayeziondoa hawezi kuondoa alama zake.

Tunajua, kwa sababu tulichangishana kumlipa fundi huyo. Darubini ya mwalimu wetu wa fizikia ilisafishwa, lakini ukingoni mwa kioo limebaki doa lenye umbo la jani la muhogo, nalo haliondoki. Hata hivyo, tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa tena kikamilifu, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku, aliileta darubini hiyohiyo kwenye uwanja wetu. Kabla ya kuikabidhi alituuliza swali moja tu, "Mkanda uko wapi?" Kipimo kilisoma nyuzi 20 na unyevuanga asilimia 88, na nyasi zilikuwa zimeloa hata kabla mwezi haujawa mwekundu. Mawingu mepesi yalipita mara mbili. Kioo hakikupata hata tone. Mwanafunzi wa kwanza kuchungulia alisema mwezi unafanana na chungu kipya kilichotoka tanuruni, wa pili akambishia kwamba chungu hakina mashimo, na ubishi ukaendelea kwa Kiswahili safi tusichotegemea. Walipomaliza tuliigeuza darubini kwenye Zohali, ambayo ilikuwa imepanda upande wa mashariki. Mwaka huo pete zake zilikuwa zimetugeuzia ubavu, zikaonekana kama sindano iliyochomwa kwenye shanga.

Kupatwa kikamilifu kutakakoonekana vizuri kwetu mapema usiku kutakuwa tarehe 31 Desemba 2028, mwezi ukiwa ndio kwanza umechomoza. Atakayetaka kutengeneza mkanda wake kabla ya hapo aje ofisini, tutampa mchoro. Sisi shida yetu ni betri, kwa kuwa huwa tunaiazima kwa kijana wa bodaboda wa hapo langoni, na mkesha wa mwaka mpya hawezi kukubali kulaza pikipiki.